Staa, Huyo Samaki Sio Mkorofi, Tangi Lako Ndio Dogo

Leo sina habari ya nani kaachana na nani, wala nani kanunuliwa gari. Leo naongelea samaki. Usiondoke kwanza, staa yumo ndani.

Kuna staa mmoja hapa Bongo, jina ninalo, silitaji, na msinifuate pembeni kuniuliza. Ni yule mwenye akwariamu sebuleni, ile yenye taa za bluu. Juzi kati kapandisha video. Samaki wa njano mwenye mistari myeusi anamkimbiza mwenzake kona hadi kona. Mwenzake mapezi yamechanika yamebaki kama nyuzi, kajibanza juu kabisa kwenye kona, anahema haraka haraka. Chini staa kaandika kwamba huyo wa njano ndiye mwenye nyumba, wapangaji wakae kwa adabu.

Watu wamecheka hadi basi. Mmoja kaandika "huyo ni mimi na wifi yangu". Wiki iliyofuata ikaja picha ya tangi lile lile, samaki wamebaki wawili, na vikatuni vya kucheka kama kumi hivi.

Na mimi nilicheka mwanzoni, nisijifanye mtakatifu. Halafu kicheko kikakata, maana video kama ile ninayo kwenye simu yangu. Niliirekodi mwenyewe hapa Mutuka, kwenye tangi langu mwenyewe. Nitafika huko.

Kwanza tuelewane tunaongelea samaki gani. Hao wa njano wenye mistari ni mbuna, wanatoka Ziwa Nyasa, kwenye miamba. Wapo kwenye ukoo mkubwa unaoitwa sikilidi. Usiogope jina, ukoo huo unaujua. Perege ni sikilidi. Sato ni sikilidi. Furu wa Ziwa Victoria ni sikilidi. Ziwa Nyasa peke yake lina aina zaidi ya 500 za hawa samaki, Tanganyika zaidi ya 200, na wengi sana hawapatikani popote pengine duniani. Wazungu huko wanawafuga kwa hela ndefu, na baadhi wanasafirishwa kutoka hapa hapa kwetu Kigoma. Sisi tunawajua kwenye sahani tu.

Sasa huu ukoo una tabia moja: dume anataka eneo. Akishapata jiwe lake au shimo lake, yeyote atakayesogea ni adui, hasa dume mwenzake wa rangi inayofanana na yake. Hiyo haiitwi roho mbaya. Ndivyo anavyopata jike na ndivyo anavyolinda chakula chake.

Mimi hili nilifundishwa na mzee mmoja mvuvi, pale Ziwa Babati. Nilimpa shikamoo, nikamweleza kwamba nina samaki mkorofi anaua wenzake. Akanicheka. Akasema, "Mjukuu wangu, perege dume anachimba shimo lake, anakaa pale, mwenzake akija anamfukuza. Basi. Anayefukuzwa anaenda zake. Wa kwako anaenda wapi?"

Nilikosa jibu. Tangi langu la kwanza lilikuwa na urefu wa sentimita 60, upana 30, kimo 30. Piga hesabu, ni lita 54. Ziwani ugomvi unaisha kwa sekunde chache kwa sababu aliyeshindwa anatokomea. Kwenye lita 54 anageuka tu, anamkuta mbabe yuko palepale. Anakimbizwa asubuhi, mchana na jioni, hadi anakufa. Kwa hiyo ule msemo wa "ni asili yao bwana, waache" mimi siukubali. Asili iliwapa vitu viwili, kupigana na kukimbia. Wewe ukabakiza kimoja.

Haya, video yangu.

Mwaka jana nilitoa samaki wanane Arusha, nikaja nao kwenye basi kwenye mifuko ya plastiki nimewapakata kama mtoto. Nikawaweka kwenye lile tangi dogo. Wiki ya pili dume mmoja akakolea rangi, akaanza kutembeza kichapo. Nikarekodi, nikatia muziki, nikaposti. Watazamaji elfu tatu. Kwa blogu ya kijana wa Mutuka hiyo ni sikukuu. Nikawa kila jioni nasubiri wagombane nipate nyingine.

Kulikuwa na jike mmoja alikuwa hali. Namwekea chakula, anakiangalia tu. Nikadhani anaringa. Sikujua kwamba jike la mbuna hubeba mayai mdomoni, na vitoto vikianguliwa vinabaki humo humo, kama wiki tatu nzima, na muda wote huo hali au anaonja kidogo sana. Ana njaa, amechoka, na dume hamwachi. Mimi narekodi.

Nikamkuta asubuhi nyuma ya filta, amekufa, mdomo umejaa vitoto. Vingine vilishaanza kuwa na macho.

Sijaposti hiyo. Na ile video ya kichapo sijaifuta, naiacha inikumbushe. Ndio maana nikiona staa mwenye wafuasi wengi kuliko watu wote wa Babati anawafundisha kwamba hiyo ni burudani, siwezi kukaa kimya.

Tena kuna kitu nilisoma kikanichanganya. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani walichapisha kazi yao kwenye jarida la Nature. Walitumia sikilidi wa kutoka Tanganyika. Samaki mmoja aliwekwa pembeni anaangalia wenzake wakipigana wawili wawili: wa kwanza anampiga wa pili, wa pili anampiga wa tatu, hivyo hivyo hadi wa tano. Baadaye akaonyeshwa wawili ambao hajawahi kuwaona wakipigana wao kwa wao, na akajua yupi dhaifu. Alijuaje? Akamsogelea yule dhaifu.

Maana yake samaki wanaangalia na wanakumbuka. Kwa mfugaji hilo ni jambo kubwa. Kwenye tangi langu, ukimwacha aliyechanika mapezi humo, hatapigwa na mbabe peke yake, hata wale wapole wataanza kumdonoa. Sitaki kuwasema wadau wangu, ila nikisoma komenti za wasanii wakigombana hapa mjini, nawaona samaki wangu kabisa. Akishaanguka mmoja, hata asiyemjua anapita kumdonoa.

Sasa tusilaumu tu. Staa, na wewe unayetaka kumuiga staa, hivi ndivyo nilivyotuliza vita kwangu. Nimejifunza kwa kupoteza samaki, wewe jifunze bure.

Moja, urefu wa tangi. Usidanganywe na tangi refu kwenda juu, samaki hawa wanagombania chini. Nilienda kwa fundi wa vioo na aluminiamu, akanitengenezea la sentimita 90 kwa 40 kwa 40, lita 144. Bado ni dogo kwa mbuna wakali, kuwa mkweli. Kwa hiyo yule wa njano mwenye mistari, ambaye wafugaji humwita auratus, nilimrudisha Arusha kwa aliyeniuzia. Ni mmoja wa wakali kupita kiasi. Nikachukua mbuna wengine wa njano tupu, ambao wana afadhali kubwa kwa tabia.

Mbili, mawe, na yawe mengi. Rundika hadi kuwe na mapango yenye mlango wa kuingilia na wa kutokea. Pango lenye mlango mmoja ni mtego. Lengo la mawe ni kukata macho, mbabe asiweze kuona tangi zima akiwa amesimama sehemu moja. Asiyemwona hawezi kumkimbiza. Yapange kwanza, hakikisha hayayumbi, kisha ndipo uweke mchanga, maana wanachimba hawa, na jiwe likianguka kioo kinapasuka.

Tatu, dume mmoja kwa majike watatu au zaidi. Ukiweka dume mmoja na jike mmoja, huyo jike umemuua. Wakiwa wengi, usumbufu unagawanyika.

Nne, hii itakushangaza: mbuna wachache ni hatari kuliko mbuna wengi. Wakiwa watatu, kuna mmoja atakayepokea kichapo chote. Wakiwa kumi na mbili kama wangu, mbabe anachoka kuchagua. Lakini wengi maana yake uchafu mwingi. Lazima uwe na filta yenye nguvu, na ubadilishe kama robo ya maji kila wiki bila kukosa. Kama huwezi hiyo kazi, usijaze. Na ushauri huu ni wa mbuna, usiupeleke kwa kila sikilidi. Kuna wa Tanganyika wanaoishi wawili wawili, hao ukiwajazia watu nyumbani umewaharibia.

Tano, ukileta mgeni usimtupie tu. Walishe wenyeji kwanza, vuruga mawe yote upange upya, zima taa, ndipo uingize wageni, wawe kadhaa kwa pamoja. Mawe yakihama, hakuna mwenye nyumba tena, wote wanaanza upya.

Sita, mbabe akizidi, mtoe yeye. Mweke pembeni siku kadhaa. Akirudi anakuta nafasi yake ina wengine, anaingia kama mgeni. Aliyeumia naye mtoe akatibiwe kwenye maji safi. Jike akionekana kidevu kimejaa na hali, mhamishe taratibu. Mimi nimechelewa kwa mmoja, wewe usichelewe.

Saba, joto. Babati usiku kuna baridi, kwa hiyo hita inahitajika, ila iache kwenye nyuzi 24 hadi 26. Ukipandisha sana wanachangamka na ugomvi unapanda pia. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya hewa ya betri itakuokoa.

La mwisho ndilo linaloniogopesha zaidi. Chini ya posti ya yule staa kuna mtu kashauri, na watu wengi wamempa like, kwamba akichoka nao awamwage ziwani wakajitafutie. Jamani, hapana. Miaka ya 1950 sangara alipandikizwa Ziwa Victoria. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi sana za furu zilikuwa zimepotea, na sangara alikuwa sababu kubwa. Hapa kwetu Ziwa Babati lipo mlangoni kwa mji, watu wanavua, watoto wanasomeshwa kwa perege wa pale. Yule mzee wangu hana kazi nyingine. Samaki wako wa mapambo akikushinda, mpe mfugaji mwingine, mrudishe dukani, ila ziwani asiguse.

Najua kuna watakaosema, "Mwandishi, nchi ina matatizo kibao, wewe unalilia samaki." Sawa. Ila huyo samaki hakujileta sebuleni kwako. Ulimtoa kwenye ziwa lenye miamba isiyo na mwisho ukamweka kwenye kisanduku cha kioo, ukaweka taa, ukamwita mkorofi. Ukali wake ni wake, kweli. Ufinyu ni wako.

Kwa staa wetu: sina ugomvi na wewe, nyimbo zako nasikiliza. Hela ya tangi kubwa unayo kuliko mimi. Ongeza mawe, ongeza majike, halafu turekodie video ya jike akitema vitoto mdomoni. Nakuhakikishia utapata watazamaji kuliko ile ya kichapo. Mimi niliposti ya kwangu mwezi uliopita. Watu mia nne tu waliangalia, lakini mama mmoja jirani alikuja hadi getini na wanawe wawili kuomba kuviona. Wakakaa mbele ya kioo kama nusu saa, hakuna aliyeshika simu.

Haya wadau, nani ana samaki nyumbani? Tangi lako lina urefu gani na wanaishije humo? Dondosha komenti, mimi najibu zote. Wa kunitukana na wewe karibu, ila soma yote kwanza.