Chuma cha Severn na Chuma cha Katuruka

Wapo wasomi wasemao kwamba ustadi wa chuma ulizaliwa Uingereza, na shahidi wao ni daraja la chuma cha kusubu lililojengwa juu ya mto Severn mwaka 1779. Daraja lastahili sifa, madai hayastahili. Huko Katuruka, karibu na Bukoba, mafundi waliyeyusha chuma yapata miaka 2,000 iliyopita. Kweli, hawakukisubu, walikifua. Lakini je, kufua si ustadi? Mwanafunzi wa Muleba akaririye Severn asijue Katuruka amefundishwa nusu ya habari. Tanuri za Wahaya hazikuzimwa na ujinga. Zilizimwa na majembe ya bei rahisi kutoka Ulaya, kama vile nguo za viwandani zilivyoliondoa lubugo, vazi la gome la mti, mabegani mwa watu.