Kijana akikosa penalti, nani atamfuata?

Leo naomba tupite uwanjani kwanza kabla ya kufungua Neno. Najua wapo wanaoona mpira si mada ya safu kama hii, na wapo waliokwishatoka ibada ya kwanza na sasa wanahesabu saa za mechi ya jioni. Wote karibuni.

Julai 8, 2023, katika mji wa Batumi nchini Georgia, pembeni mwa Bahari Nyeusi, vijana wa England na Hispania walicheza fainali ya ubingwa wa Ulaya kwa timu za taifa za chini ya miaka 21. Ni mashindano ya siku nyingi, yalianza mwaka 1978 na huchezwa kila baada ya miaka miwili. Kwa mataifa ya huko ndicho kitalu chao. Kikosi cha vijana wa Ujerumani kilichoifunga England 4-0 kule Malmö, Sweden, mwaka 2009 kilikuwa na Manuel Neuer, Mats Hummels, Jérôme Boateng na Mesut Özil. Miaka mitano baadaye vijana hao walikuwa mabingwa wa dunia nchini Brazil. Kwa hiyo anayecheza fainali ya namna hii anajua kwamba macho ya watu wazima yanampima.

Kule Batumi England walipata bao muda mfupi kabla ya mapumziko. Cole Palmer alipiga mpira wa adhabu, ukamgonga mwenzake Curtis Jones na kuingia wavuni. Bao la bahati, lakini bao ni bao. Hispania wakahangaika kipindi chote cha pili bila kupata kitu. Dakika za nyongeza zikiwa zinayoyoma, mwamuzi akaenda kuangalia VAR, akarudi na penalti ya Hispania. Aliyefanyiwa madhambi alikuwa mshambuliaji Abel Ruiz, na mpira akauchukua yeye mwenyewe.

Ilikuwa dakika ya 99. Kipa wa England, James Trafford, kijana wa miaka 20 ambaye msimu huo alikuwa kwa mkopo Bolton, timu ya daraja la tatu, akaruka na kuipangua. Mpira ukarudi kwa Aimar Oroz, akaupiga, Trafford akauokoa tena. Mechi ikaishia hapo. England wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1984, wakiwa wamecheza mechi sita bila kuruhusu bao hata moja.

Kamera zote zikamfuata Trafford, na ilikuwa haki yake. Lakini kila ninaporudia kutazama dakika zile, jicho langu linabaki kwa Ruiz. Tangu akiwa mdogo alikuwa tegemeo la timu za vijana za nchi yake. Mwaka 2017 alikuwa nahodha wa kikosi cha chini ya miaka 17 kilichotwaa ubingwa wa Ulaya kwa kuwashinda hao hao England kwa penalti. Sasa ana miaka 23, umri wa ujana uwanjani unamwishia, na mpira alioupiga umepanguliwa mbele ya bara zima.

Penalti ya Batumi ilikuwa ya mwisho katika mashindano yale. Zilikuwapo nyingine mbili mwanzoni ambazo zilinihuzunisha zaidi. Juni 22, kule Kutaisi, Ujerumani, waliokuwa mabingwa watetezi, walitoka sare ya 1-1 na Israel. Walipata penalti mbili na wakakosa zote. Ya kwanza na ya pili zilipigwa na vijana weusi: Youssoufa Moukoko, mzaliwa wa Cameroon aliyekuwa na miaka 18 tu, na Jessic Ngankam, aliyezaliwa Berlin. Usiku huo huo simu zao zilijaa matusi ya rangi ya ngozi yao. Shirikisho lao la soka lilitoka hadharani kuwatetea. Moukoko naye akasema jambo ambalo kila mtoto wa mgeni ugenini analijua: kwamba wakishinda wote huhesabiwa Wajerumani, lakini wakikosa, ndipo maneno ya nyani yanapoanza.

Ni rahisi kuwanyooshea Wazungu kidole hapa. Nami nawanyooshea, maana ubaguzi ni dhambi na haupaswi kupewa jina la upole. Ila nikikaa nikatafakari naona kuna sehemu ya ugonjwa ule tunayo hapa hapa. Nenda kibanda umiza chochote siku timu ikifungwa. Sikiliza anachoitwa kijana aliyekosa bao, na aliyemtukana mara nyingi hana uchungu wa timu, ana uchungu wa mkeka wake uliochanika. (Ndiyo, na baadhi yetu tulikuwa kwaya asubuhi.) Nenda nyumbani siku matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Mtoto ambaye juzi alikuwa “daktari wetu” leo anaambiwa ametia aibu ukoo. Akifaulu ni mtoto wa baba, akifeli ni mtoto wa mama yake. Maneno tofauti na ya Kutaisi, lakini mantiki ni ile ile: ni wetu akishinda.

Sasa tufungue Matendo ya Mitume. Sura ya 13 tunasoma kwamba Barnaba na Paulo walipoondoka Antiokia kwenda kuhubiri, walikuwa na kijana mmoja msaidizi, Yohana aitwaye Marko. Wakavuka Kipro salama. Walipofika Perge ya Pamfilia, kijana akawaacha, akarudi Yerusalemu. Luka haelezi sababu. Pengine njia ya milimani ilimtisha, pengine aliugua, pengine alikumbuka nyumba ya mama yake, ile ambayo waumini walikuwa wakikusanyika kuomba, kama tunavyosoma sura ya 12. Maandiko yamemsitiri. Tunachojua ni kwamba alikosa penalti yake.

Sura ya 15, safari ya pili inapangwa. Barnaba anataka Marko aende tena. Paulo anakataa kabisa: huyu alituacha njiani, hatuendi naye. Na tusimwonee Paulo. Alikuwa na hoja. Safari ile haikuwa matembezi, kule Listra alipigwa mawe mpaka wakadhani amekufa. Kocha yeyote mwenye akili angeuliza kama kijana aliyekimbia mara ya kwanza anafaa kubebwa mara ya pili. Hata mimi ningekuwa kwenye kikao kile ningepiga kura upande wa Paulo. Ubishi ukawa mkali mpaka watumishi hao wawili, waliofunga na kuomba pamoja, wakaachana. Paulo akamchukua Sila. Barnaba akamchukua kijana, wakapanda chombo kwenda Kipro.

Angalia Barnaba alichoacha. Aliacha safari kubwa, ile ambayo Luka anaifuata kwa kalamu yake hadi mwisho wa kitabu. Baada ya chombo kile kuondoka, Matendo ya Mitume haimtaji tena Barnaba. Alitoka kwenye kikosi cha kwanza ili akakae na kijana mmoja aliyeshindwa. Na haikuwa mara yake ya kwanza. Sura ya 9 inatuambia kwamba Sauli alipofika Yerusalemu baada ya kuokoka, wanafunzi wote walimwogopa, na aliyemshika mkono kumpeleka kwa mitume alikuwa Barnaba. Yaani Paulo aliyekuwa anamkataa Marko alikuwa mwenyewe amebebwa na mtu huyu huyu. Tunasahau haraka nani alitubeba.

Uwanjani nako wapo akina Barnaba. Gareth Southgate alikosa penalti Wembley mwaka 1996, nusu fainali ya Ulaya dhidi ya Ujerumani, na England ikatoka. Baadaye alikuja kufundisha timu ya England ya chini ya miaka 21, kisha timu ya wakubwa. Mwaka 2021, pale pale Wembley, Bukayo Saka, miaka 19, alikosa penalti ya mwisho ya fainali dhidi ya Italia. Picha ninayoikumbuka usiku ule ni Southgate amemkumbatia yule mtoto na hamwachii. Matusi ya ngozi yalikuja, kama yalivyokuja kwa Marcus Rashford na Jadon Sancho waliokosa naye. Lakini kabla ya matusi kulikuwa na kifua cha mtu aliyewahi kusimama mahali pale.

Niseme kwa nini nimeandika haya. Miaka michache iliyopita, katika usharika ninaohudumu kama mzee wa kanisa, tulimchagua kijana wa miaka 19 kuwa mweka hazina wa kwaya ya vijana. Wenzake walichanga fedha za kukodi gari la kwenda kwenye tamasha, shilingi 380,000, zikawa kwenye simu yake. Siku mbili kabla ya safari akapokea ujumbe ulioonekana umetoka kwa mwenye gari, ukimwambia pesa itumwe kwenye namba nyingine. Akatuma. Sote tunaujua utapeli huu, lakini siku ile yeye hakuujua.

Tulimwita barazani. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema kwa ukali. Nilisema fedha ya Mungu haichezewi, na kwamba tukimwachia huyu kesho atapoteza mwingine. Tukaamua alipe, avuliwe nafasi, na itangazwe ibadani. Ikatangazwa, baada ya matangazo ya ndoa. Mama yake alikuja nyumbani kwangu jioni akasema, “Baba, kulipa atalipa. Ila ile ya kutangaza, mngemwachia.” Nikamjibu kwamba utaratibu ni utaratibu.

Alilipa kidogo kidogo hadi ikaisha. Aliabudu Jumapili mbili akiwa amekaa benchi la mwisho, kisha hatukumwona tena. Na hapa ndipo dhamiri inaponiuma, msomaji wangu: hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumtafuta. Tulikuwa Paulo kumi na wawili, na Barnaba hata mmoja hakuwapo.

Sisemi uzembe uachwe. Fedha ilipotea na ilipaswa kurudi. Kukosa penalti si dhambi, kumwacha mwenzako njiani ni jambo zito zaidi, na kupoteza mchango wa watu kuko katikati hapo. Mzazi na mchungaji anayeshindwa kutofautisha atakuwa mkali pasipostahili na mlegevu pasipofaa. Lakini kumwajibisha kijana ni kazi ya siku moja. Kumfuata baada ya kumwajibisha ndiyo kazi ambayo hatukuifanya.

Tazama pia yaliyowapata wale wa Batumi. Trafford shujaa alinunuliwa na Burnley mwezi ule ule, na kabla msimu haujaisha alikuwa ameketi benchi. Msimu wa 2024/25 akarudi langoni, na Burnley wakaruhusu mabao 16 tu katika mechi 46 za ligi. Ruiz na Oroz je? Agosti 9, 2024, jijini Paris, Hispania iliifunga Ufaransa 5-3 katika muda wa nyongeza na kuchukua dhahabu ya Olimpiki, ya kwanza kwao katika soka ya wanaume tangu 1992. Wote wawili walikuwa kwenye kikosi hicho. Kuna mtu aliyeangalia majina yao mezani, akakumbuka dakika ya 99, na bado akayaandika kwenye orodha.

Na Marko? Waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 4. Paulo yuko kifungoni, mzee, anajua mwisho umekaribia. Dema amemwacha, amebaki na Luka peke yake. Anamwagiza Timotheo amletee joho lake aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu. Na anamwagiza amchukue Marko aje naye, kwa kuwa anamfaa katika utumishi. Yule yule aliyekataa kumpandisha chomboni. Hatuambiwi Barnaba alimfanyia nini kijana yule huko Kipro, siku kwa siku, mpaka akawa mtu wa kuitwa na Paulo katika saa kama ile.

Wiki mbili zilizopita nilichelewa kikao, nikaita bodaboda pale kituoni. Aliyekuja alivua kofia ngumu, akasema, “Shikamoo mzee.” Alikuwa yeye. Nikaitikia marahaba, nikapanda, na njia nzima sikupata neno la kusema. Tulipofika nikatoa nauli, akaikataa, akaniambia nimsalimie mchungaji.

Nimemsalimia mchungaji. Baraza la wazee linakaa Jumamosi ijayo, nami nimeomba jina la kijana huyo liongezwe kwenye ajenda. Kabla ya hapo, Alhamisi jioni, nitakwenda kwa mama yake. Naomba mniombee, maana sijui nitaanzaje kuzungumza nikifika mlangoni.

Jumapili njema.