Nyumba Haikauki, Hukaushwa

Kila mwaka mvua za Machi hadi Mei zinapoanza kupungua, husikia sentensi moja katika vinywa vya watu wa mji wetu wa Gisenyi na vijiji vinavyouzunguka: "Maji yamekwisha, nyumba itakauka." Kwa sarufi, sentensi hiyo haina kosa. Ukiiandika katika mtihani wangu nitakupa alama zote. Kwa uraia, naihesabu kuwa miongoni mwa sentensi za hatari kabisa tunazozisema, na leo nataka kugombana nayo.

Kitazame kitenzi chake. Kukauka ni jambo linalotokea lenyewe: nguo hukauka kambani, tope hukauka njiani, wala hakuna anayeulizwa. Kukausha kunamtaka mtendaji, mtu mwenye mikono na wajibu, ambaye kesho anaweza kuulizwa kwa nini hakufanya. Tunapoisema nyumba iliyofurika, sote huchagua kitenzi cha kwanza: mwenye nyumba, mpangaji, kiongozi wa mudugudu, hata sisi walimu. Tumekichagua kwa sababu hakimtaji mtu.

Wengi wenu mnaukumbuka usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023. Mvua ilinyesha usiku kucha, milima ikaporomoka, mto Sebeya ukaacha njia yake hapa Rubavu, na nchini kote watu zaidi ya 130 wakapoteza maisha, wengi wao katika Mkoa huu wa Magharibi. Walionusurika walihamishwa, wakapewa chakula na mahali pa kujihifadhi. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu unaanzia siku ile msaada unapokwisha. Nyumba iliyoanguka huonekana, huhesabiwa na hupigwa picha. Nyumba iliyosimama huku imelowa haimo katika hesabu ya yeyote. Mwenyewe hupiga deki, hurudisha kitanda mahali pake, hulala.

Analala kando ya nini? Kuta za nyumba nyingi za hapa ni za matofali mabichi ya udongo, rukarakara, yaliyofunikwa kwa lipu ya saruji. Udongo mkavu una nguvu ya kubeba paa. Ukilowa, hurudi kuwa tope. Tena maji hayakomi pale mstari wa tope unapoishia ukutani. Hupanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi, yakafika juu ya pale ulipodhani yaliishia. Kisha lipu ya saruji, iliyopakwa ili mvua isiingie, huzuia unyevu usitoke. Ukiupapasa ukuta utauona mkavu. Lakini chini kabisa, pale uzito wote unapokalia, tofali ni laini. Ndiyo maana ukuta unaweza kuanguka siku kadhaa baada ya mvua kukatika, jua likiwaka, watu wakiwa wamekwisha kurudi ndani.

Na ukuta usipoanguka, huota kuvu. Siku moja au mbili za unyevu zatosha kuianzisha. Mwenye pumu huijua kabla ya macho kuiona.

Muhula mmoja mwanafunzi wangu aliniletea daftari lenye madoa meusi na harufu ya viazi vilivyosahauliwa stoo. Akaniomba radhi kwa uchafu. Yeye ndiye aliyeomba radhi! Nilipouliza, nikaambiwa kwamba familia yake ilikuwa imehamia chumba kilichofurika miezi miwili kabla. Mwenye nyumba alikuwa amekipaka rangi mpya, kisha akapandisha kodi kwa sababu chumba "kimekarabatiwa". Rangi ilianza kutoa malengelenge kabla kodi ya mwezi wa pili haijalipwa. Mama akaipangusa, akasogeza kitanda, akanyamaza. Maana atakwenda wapi?

Kuupaka rangi ukuta uliolowa na kuupangisha ni udanganyifu. Nalisema neno hili nikijua uzito wake. Anayeuza maziwa yaliyotiwa maji tunamwita mdanganyifu bila kusita, ingawa maziwa hayo hayamwangukii mtu usiku. Anayeuza ukuta uliotiwa maji tunamwita mwenye nyumba.

Najua jibu lao, kwa kuwa nimelisikia. Wenye nyumba wengi si matajiri. Yuko mjane mwenye vyumba viwili ambaye kodi yake ndiyo chakula chake. Akivifunga majuma sita vikauke, watoto wake watakula nini? Swali hili ni la haki, wala silipuuzi. Lakini tazama linatupeleka wapi. Kama mjane hana uwezo wa kukausha, na mpangaji hana uwezo wa kuhama, basi gharama ya ukaushaji imeachwa ilipwe kwa mapafu ya mtoto ambaye hakuulizwa. Jambo ambalo mtu mmoja hawezi, na likiachwa huwadhuru wengine, ndilo linaloitwa jambo la umma. Barabara tunazitengeneza kwa hoja hiyo hiyo.

Kabla ya kudai, lakini, tujue tunachodai, maana wengi tunadhani kukausha ni kufungua dirisha tu.

Kazi huanza kwa umeme: zima swichi kuu, na kama huifikii bila kukanyaga maji, usiifikie, waite watu wa umeme. Kisha tembea nje ukazunguke nyumba kabla hujaingia. Ukiona ufa mpya, au tofali za chini zinaingilika kwa msumari kama muhogo uliopikwa, usiingie hata kama godoro lako limo ndani. Maji ya mafuriko ni machafu, yamepita katika vyoo vya shimo vya jirani na vya kwako, kwa hiyo vaa mabuti na glavu. Chimba mfereji kuzunguka nyumba ili maji ya nje yapungue kwanza. Ukichota ya ndani huku ya nje yangali yamesimama, utachota mpaka kesho. Ndani, anza chumba cha nyuma ukielekea mlangoni. Tope liondolewe likiwa bado bichi, maana likikauka utalivunja kwa jembe. Godoro la sponji lililonyonya maji hayo ni la kutupwa. Naandika hivi nikijua bei ya godoro, na najua wengi hawatalitupa. Ndiyo sababu godoro lingestahili kutangulia blanketi katika orodha za misaada.

Baada ya hapo huja sehemu tusiyoifanya. Lipu ibanduliwe, tangu chini hadi juu ya mstari wa maji, mpaka ufikie tofali kavu. Inauma kuubomoa kwa nyundo ukuta ulionusurika, lakini bila hivyo unyevu hauna mlango. Vyombo vyote viondolewe kando ya kuta na viinuliwe juu ya matofali. Milango na madirisha yafunguliwe mchana, hewa ipite toka upande mmoja hadi wa pili; usiku wenye mvua na ukungu wa ziwa Kivu yafungwe, maana hewa yenye maji haikaushi kitu. Kisha subiri. Katika nchi tajiri huletwa mashine za kupuliza upepo na za kunyonya unyevu. Sisi tuna jua la Juni na Julai. Si haba, lakini lahitaji majuma, na hakuna lipu mpya wala rangi inayopaswa kugusa ukuta kabla majuma hayo hayajapita.

Hapa lazima nisimame kidogo. Wako watu ambao, kwa kutaka kuharakisha, huwasha jiko la mkaa ndani ya chumba na kufunga madirisha ili joto lisipotee. Mkaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na gesi hiyo huua mtu usingizini. Jenereta na pampu ya petroli hutoa gesi ile ile. Mashine ikae nje, mpira wake ndio uingie ndani. Ukisahau yote niliyoandika, hili usilisahau. Waambie na nyumbani.

Sasa dai langu. Tunayo umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na wajibu wake unamhusu kila mwenye umri wa miaka 18 hadi 65. Tunafyeka, tunazibua mifereji, tunapanda miti. Baada ya mafuriko tunazoa tope barabarani, na ni vema, kwa kuwa barabara ni yetu sote. Lakini kubandua lipu, kuzoa tope chumbani na kuchimba mfereji kuzunguka nyumba ni kazi ya jembe, nyundo na ndoo, ya asubuhi moja kwa watu ishirini, na ya mwezi mzima kwa mjane peke yake. Kila sekta iliyo kando ya Sebeya inahitaji stoo yenye pampu moja, mabuti, nyundo na nailoni, na daftari linaloonyesha nani kaazima. Na kiongozi wa mudugudu anapoandika kwamba kaya imerudi nyumbani, aandike pia kama ukuta umekauka na nani ameuangalia. Mpaka siku hiyo ya ukuta kukauka, kodi isidaiwe.

Mtasema mwalimu wa lugha anajitia uhandisi. Pengine. Lakini nilizomewa vivyo hivyo niliposema daftari lenye kuvu ni suala la haki za mtoto, na yule mwanafunzi bado anakohoa.

Nawe unayekwenda kutafuta chumba cha kupanga msimu huu, beba kipande cha nailoni chenye ukubwa wa daftari na gundi ya karatasi. Kibandike ukutani, karibu na sakafu, ukizibe pande zote nne, kisha rudi kesho yake. Ukikuta matone upande wa nailoni unaogusa ukuta, umo maji, hata rangi ing'ae namna gani. Muulize mwenye nyumba, kwa adabu, nani aliukausha ukuta huu na lini. Akikukataza kubandika nailoni yako, tafuta chumba kingine.