Kuku Mia Chini ya Dirisha Letu

Jumamosi moja niliamshwa na sauti ya fundi chini ya dirisha la chumba chetu cha kulala. Kuchungulia, namwona mume wangu kashika futi, fundi kashika kamba na vigingi.

"Tunapima banda, mama," akasema, kana kwamba nilishaulizwa. "Kuku wa mayai mia moja."

Jamani! Kuku mia, hatua mbili kutoka kwenye mto wangu, pale pale ninapoanika nguo za mtoto! Nikanuna. Naye akanuna. Fundi akapewa nauli akaenda zake. Kutwa nzima tukawa tunaongea kupitia kwa mtoto: "Mwambie baba chakula tayari."

Usiku nikachukua daftari, nikamwambia, "Haya, njoo tupige hesabu." Alikuwa amepima mita 3 kwa 4, yaani mita za mraba 12. Kuku wa mayai wa kufugwa ndani wanatakiwa wasizidi wanne au watano kwa mita moja ya mraba. Ukiwabana wanadonoana, maranda yanalowa, harufu inapanda na magonjwa yanafuata. Banda lake lilikuwa la kuku 48. Mia wangehitaji mita za mraba 25, na uani kwetu hazipo.

"Kwa nini mia, baba?" nikamuuliza.

Akakaa kimya, halafu akasema taratibu, "Mkataba wangu kazini unaisha mwezi ujao. Hawauongezi."

Alikuwa anajua kwa wiki tatu. Wiki tatu, msomaji wangu, nalala pembeni yake sijui kitu! Nililia, si kwa ajili ya kazi, bali kwa sababu aliona ni rahisi kumwita fundi kuliko kuniita mimi.

Tulipomaliza kulia, tukachora upya. Tukakubaliana kuku 40. Banda likahamia kona ya mbali, kwenye mpapai, maana hapa Dar kuna kusi na kaskazi. Upepo ukigeuka, dawa ni umbali tu. Urefu wake tukaulaza mashariki kwa magharibi ili jua lisiwapige kuku ndani. Ukuta kozi tatu za matofali, juu wavu wa matundu madogo, hewa ipite na kicheche asipite. Fito mbili za mita 4 za kulalia, kila kuku sentimita 20. Viota 8, kimoja kwa kuku watano, tena chini kuliko fito, la sivyo watalala humo na kuchafua mayai. Na mlango upana wa kupitisha toroli, kwa sababu mbolea haitoki yenyewe.

Tukaandika pia kitu ambacho hakikuwemo kwenye mchoro wake: vifaranga hula kama miezi mitano kabla ya yai la kwanza. Fedha ya chakula cha miezi hiyo tukaitenga kwanza, ndipo tukampigia fundi.

Banda haliwezi kuziba pengo la mshahara, na wote wawili tunalijua hilo. Ila sasa tunalijua pamoja. Kama mwenzio ameanza ghafla kupima uwanja, usikimbilie kununa. Muulize anaogopa nini.

Tukutane mwezi ujao.