Adabu Inahitaji Mahali

Wazee wa Bunia wanaweza kubishana usiku kucha juu ya mipaka ya ardhi na juu ya nani alitangulia kufika Ituri, lakini kuna lalamiko moja linalowaunganisha wote: watoto wa siku hizi hawana adabu. Utalisikia kwa Mhema na kwa Mlendu, kwa Mbira, Mnyali, Mwalur na Mnande, sokoni, kwenye matanga na baada ya misa. Mtoto anampita mkubwa bila kutoa jambo. Anapokea kitu kwa mkono wa kushoto. Baba mdogo anamwita kwa jina lake tupu, na yaya yake anamjibu kama mwenzake wa mtaani. Toleo hili limetokana na lalamiko hilo, nami ningependa kulijibu mapema. Lalamiko ni la kweli, ila tumemkamata mtu asiye na hatia.

Tabia njema haiji na damu, wala haiingii kwa hotuba. Mtoto huipata kwa kuirudia siku baada ya siku, mahali panapojulikana na mbele ya watu wanaomjua. Huipata jikoni anapowasha moto na mama yake, na shambani anapopewa mstari wake wa kupalilia. Huipata kwenye barza, anapowaletea wazee maji ya kunawa kisha akakaa pembeni kimya, akisikiliza jinsi shauri linavyokatwa. Ondoa jiko, shamba na barza, na fundisho lote linabaki maneno matupu. Kwa zaidi ya miaka 25 sisi watu wa Ituri tumeshuhudia mahali hapo pakichomwa, pakikimbiwa na kutwaliwa, na bado tunamlaumu mtoto kwamba hakujifunza.

Bambu ni mfano unaoonyesha jambo hili waziwazi. Mji huo wa dhahabu uko kaskazini mwa Bunia, katika teritori ya Djugu. Mwaka 1903 Mwaustralia aitwaye Hannan aligundua dhahabu karibu na Kilo, na miaka miwili baadaye uchimbaji ukaanza. Mwaka 1926 iliundwa kampuni ya Kilo-Moto, na Bambu ikawa moja ya vituo vyake vikubwa, yenye ofisi, karakana, hospitali na makambi ya wafanyakazi. Watu waliokusanyika pale hawakuchaguana. Katika miaka ya mwanzo wengi waliletwa kwa nguvu, wakabebeshwa mizigo kichwani, wakaonja kiboko. Kampuni nayo ilikuwa na malezi yake: Mzungu aliishi mbali na Mweusi, karani aliishi juu ya mchimbaji, na kila mtu alifundishwa kujua cheo chake kabla ya kujua haki yake. Anayeisifu enzi hiyo bila kulitaja hilo anawadanganya vijana.

Hata hivyo, ndani ya makambi hayo watu walifanya jambo ambalo kampuni haikuwa imelipanga. Mlugbara alikaa mlango kwa mlango na Mnyali. Watoto wa Kilendu na wa Kihema walikwenda shule moja na kucheza katika kiwanja kimoja. Kiswahili, kilichofika huku pamoja na wafanyabiashara, askari na wafanyakazi wa machimbo, kiliwapa wote namna moja ya kuheshimiana. Mama yeyote wa kambini alikuwa mama, na mkono wake ungeweza kukuadhibu au kukupa bugali na sombe bila kuuliza kabila la baba yako. Adabu hiyo ya kambi haikurithiwa kutoka kijiji chochote. Ilitengenezwa na majirani, kwa sababu walikuwa na mahali pa kuishi ujirani.

Wala haikuwa mara ya kwanza Ituri kuwalea watoto kuvuka mpaka wa kabila. Wahema wa kaskazini, wanaoitwa Wagegere, wanazungumza lugha ya Walendu, na kwa vizazi vingi wameoana nao. Upande wa Waalur, mwanaanthropolojia Aidan Southall alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1956 jinsi koo za Kilendu na za Waokebo, mafundi wa chuma, zilivyoishi chini ya watawala wa Kialur, kila kundi likihitaji ujuzi wa jingine. Katika msitu wa Mambasa, karibu na Epulu, mwanaanthropolojia Colin Turnbull aliandika katika miaka ya 1950 kuhusu nkumbi, jando ambamo wavulana wa Wabira na wa Wambuti walitahiriwa pamoja na kukaa kambi moja. Waliotahiriwa pamoja waliitwa kare, na undugu huo uliwadai msaada kwa maisha yao yote. Turnbull hakuficha kwamba Wabira walitaka kuitumia sherehe hiyo kuwa na amri juu ya Wambuti, na kwamba Wambuti walipokuwa peke yao msituni waliishi kwa kanuni zao wenyewe. Undugu ule haukuwa wa usawa. Lakini ona busara iliyomo: wazee walijua kwamba ukitaka watu wa makundi mawili wasiuane, uwaunganishe wangali watoto, katika jambo linalouma na linalokumbukwa.

Utawala wa Kibelgiji ulifuata njia nyingine. Baada ya chifu wa Kihema, Bomera, kuuawa mwaka 1911, serikali ilizidi kuwatenganisha Wahema na Walendu, na ramani ikajaa maeneo yenye majina ya makabila. Majina hayo tunayo hadi leo: Walendu-Pitsi, Walendu-Djatsi, Walendu-Bindi, Bahema-Nord, Bahema-Sud. Mtoto anayezaliwa huku hujifunza kabila lake kwenye karatasi kabla hajalijua vizuri mdomoni. Alama ya ofisi ikawa alama ya moyo. Ilipokuja sheria ya ardhi ya mwaka 1973, iliyofanya ardhi yote kuwa mali ya serikali na kuwapa wenye elimu na fedha nafasi ya kujipatia hati, mpaka ule wa karatasi ukapata damu ya kuumwagilia.

Vita vilivyoanza mwaka 1999 viliua watu wapatao 50,000 na kufukuza zaidi ya nusu milioni kutoka makwao. Hesabu hiyo tumeizoea. Tusichokizoea ni kuihesabu hasara ya malezi. Februari 2003 wapiganaji wa kundi la silaha la UPC waliingia Kobu, Lipri na Bambu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, katika hukumu yake ya tarehe 8 Julai 2019 dhidi ya Bosco Ntaganda, kamanda wa kundi hilo, ilieleza jinsi Walendu walivyoalikwa kwenye mkutano wa upatanisho huko Sangi, wakakamatwa, na jinsi miili ilivyokutwa katika shamba la migomba la Kobu. Tarehe 24 ya mwezi huohuo wa Februari 2003, kijiji cha Wahema cha Bogoro kilishambuliwa, na kwa uhalifu uliotendeka pale Germain Katanga alihukumiwa mwaka 2014. Baada ya hapo, mtoto wa Kobu aamini vipi kwamba mwaliko wa wazee ni salama? Mtoto wa Bogoro aamini vipi kwamba jirani ni ndugu? Wazee wa zamani walijenga barza juu ya imani moja: anayeitwa kuzungumza haguswi. Waliovunja imani hiyo walikuwa watu wazima, na walikuwa na akili zao timamu.

Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama hiyo, ya tarehe 14 Machi 2012 dhidi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC, ilihusu watoto wetu. Ilihusu wavulana na wasichana wa chini ya miaka 15 walioandikishwa na kutumiwa vitani hapa Ituri. Kadogo, yaani mtoto askari, naye alilelewa. Alipewa mkubwa wa kumheshimu, jina jipya, nyimbo, kofia, bunduki na chakula. Aliambiwa nani ni ndugu na nani ni adui. Aliyemfundisha alifahamu vyema kila mbinu ya jando na aliitumia yote. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi tumeuona ulimwengu huo ukifundisha kwa bidii kuliko shule zetu.

Na haujaacha. Tangu Desemba 2017 Djugu imerudi motoni. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, wakimbizi zaidi ya 60 waliuawa katika kambi ya Plaine Savo, mahali walipokimbilia kuokoa roho zao. Watu wa Bambu na wa vijiji jirani wamekimbia mara nyingi, wengine wakiishia Bunia, wengine kwa ndugu, wengine chini ya maturubai. Mtazame baba aliye chini ya turubai. Hana shamba la kumwonyesha kijana wake namna ya kushika jembe. Hana ng'ombe wala mbuzi wa kumfundishia hesabu ya mahari. Wanalala chumba kimoja, baba, mama, mabinti na wakwe, ilhali heshima kati ya mkwe na mama mkwe ilitegemea nyumba mbili na ua katikati. Chakula kinatolewa na mgeni mwenye orodha, na mtoto anaona kwamba anayeamua ni mwenye orodha, si baba yake. Tukimwambia mtoto huyo amheshimu baba, tunamwagiza alipe deni ambalo hakuna aliyempa njia ya kulilipa.

Kijana mwingine amekwenda shimoni. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu wananchi kuchimba dhahabu kwa mikono, na mishahara ya kampuni ilipokauka shimo likawa mwajiri na mwalimu. Kule kuna PDG anayegharimia shimo, kuna zamu, kuna mgawo wa mchanga ambao kila mtu anaujua, na anayeiba sehemu ya mwenzake ataadhibiwa haraka. Tusiseme basi kwamba vijana wa machimboni hawana kanuni. Wanazo, na wanazifuata kwa ukali. Wanachokosa ni mtu mzima anayewataka kwa ajili yao wenyewe, si kwa ajili ya jasho lao. Kijana wa miaka 14 anayebeba kiroba anapata fedha kabla ya kupata shauri, na anakula kwa mama muuza chakula, mbali na sahani ya nyumbani ambako angesubiri mkubwa anawe kwanza.

Katika kuandaa toleo hili tulitazama mbali pia, hadi Ufilipino. Huko mdogo huushika mkono wa mkubwa na kuupeleka kwenye paji la uso wake, kama vile kwetu mdogo anavyoshika kiwiko chake anapotoa mkono. Nchi hiyo ilitawaliwa na Wahispania, kisha na Marekani kuanzia mwaka 1898, na wasomi waliofundishwa kwa macho ya mtawala waliandika orodha za maadili ya Wafilipino, haya, shukrani na kuridhisha wenzao, mara nyingi kana kwamba ni udhaifu wa taifa. Mwanasaikolojia Virgilio Enriquez alikataa. Mwaka 1975 mkutano wa kwanza wa kitaifa wa saikolojia ya Kifilipino ulifanyika, na yeye akatetea kwamba mizizi ya maadili yote hayo ni kumwona mwenzako kuwa sehemu ya nafsi yako, na kwamba tabia za watu zichunguzwe kutoka ndani, kwa lugha zao. Somo hilo linatufaa. Nasi tumeandikiwa na wengine kwa muda mrefu: watu wa kabila hili wakali, wa kabila lile wajanja. Tukiyasoma maisha yetu kutoka ndani tunaona yote tuliyofanya, nkumbi na Kobu, kambi ya Bambu na kambi ya kadogo, na tunalazimika kujibu kwa yote.

Kuna msomaji atakayeuliza: je, si maadili yenyewe ya zamani yaliyotufikisha hapa? Kijana aliingia kwenye kundi la silaha kwa sababu mkubwa wa ukoo alimtuma, naye alifundishwa kutii. Msichana aliyebakwa alinyamaza kwa sababu alifundishwa kwamba aibu ni yake. Swali hilo ni la haki, na sitalikwepa. Utii usio na mpaka haustahili kurudishwa, wala ukimya wa mwanamke, wala majivuno ya kabila yanayovaa nguo za mila. Lakini hata kuchagua kipi kibaki na kipi kiachwe kunataka mahali pa kukutania. Barza iliyo hai ndiyo inayoweza kubadili mila, kwa sababu pale kijana anaweza kumwuliza mzee mbele ya watu, na mama anaweza kudai asikilizwe. Mila iliyofukuzwa kwenye ardhi yake haibadiliki kuwa bora. Inageuka kumbukumbu ya chuki.

Kwa hiyo makala za toleo hili hazitoi orodha ya tabia nzuri. Zinachunguza mahali: shule, shimo, kambi ya wakimbizi, kanisa, jiko, kiwanja cha mpira, na namna kila mahali panavyomfanya mtoto kuwa mtu wa aina fulani. Tunawaomba wazee wasome bila kujitetea na vijana wasome bila kujidharau.

Na tuna madai. Kabla ya semina nyingine juu ya maadili ya vijana, familia zirudishwe kwenye mashamba yao kwa usalama, na mgogoro wa kila mpaka uamuliwe mbele ya pande zote. Shule zilizobomolewa zijengwe pale ambapo watoto wa makabila mawili watakaa dawati moja. Mwanajeshi na mwenye silaha yeyote aondoke kwenye majengo ya shule na hospitali. Wazee wa Kihema na wa Kilendu wafungue barza kwa pamoja, na wawe wa kwanza kuomba radhi, kwa sababu mtoto hujifunza kuomba radhi kwa kumwona mkubwa akifanya hivyo. Yakitimizwa haya, tutakuwa na haki ya kumwambia mtoto: mkono wa kulia, mwanangu, na umsalimie baba yako.