Cheti cha Awali pekee hakifungui mlango wa chuo kikuu

Kila dirisha la udahili wa shahada ya kwanza linapofunguliwa, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutaja makundi matatu ya waombaji wanaoruhusiwa kubisha hodi. Kundi la kwanza ni la wahitimu wa kidato cha sita. La pili ni la wenye stashahada au sifa linganishi. La tatu, ambalo huzungumzwa kwa nadra, ni la wenye Cheti cha Awali cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania.

Kwa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kundi hilo la tatu linastahili kuangaliwa kwa makini. Hizi ni wilaya za wakulima na wafugaji, ambako shule za sekondari za kata zimeongezeka sana tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004. Vijana wengi zaidi wanafika kidato cha nne kuliko zamani. Lakini ngazi inayofuata ni nyembamba, na aliyeteleza huko hutafuta njia ya pembeni ya kumrudisha barabarani. Cheti cha Awali ni mojawapo ya njia hizo.

Tatizo ni kwamba njia hiyo hueleweka nusu nusu. Wapo wazazi wanaoamini kuwa mwaka mmoja wa kozi ya awali unatosha kumwingiza mtoto chuo kikuu. Masharti hayasemi hivyo, na gharama ya kutoyajua humwangukia mzazi aliyekwisha kuuza ng'ombe au magunia ya ngano.

Masharti yanasemaje?

Kwa mujibu wa miongozo ya udahili ya TCU ya miaka ya karibuni, mwenye Cheti cha Awali cha Chuo Kikuu Huria anatakiwa kwanza awe amepata wastani wa alama, maarufu kama GPA, usiopungua 3.0 katika masomo sita ya msingi. Pili, awe na alama isiyopungua C katika masomo matatu ya mkondo aliousoma, uwe wa sanaa, sayansi au biashara.

Hapo ndipo wengi huishia kusoma, ilhali sharti linaendelea. Juu ya cheti hicho, mwombaji lazima awe na kimoja kati ya vitu vitatu: matokeo ya kidato cha sita yenye pointi zisizopungua 1.5 kutoka masomo mawili. Au stashahada ya chuo kinachotambuliwa yenye GPA isiyopungua 2.0; au cheti cha ufundi cha ngazi ya tano katika mfumo wa tuzo za kiufundi, au kinacholingana nacho.

Kwa maneno mengine, Cheti cha Awali ni kiunganishi. Kinaunganisha sifa pungufu aliyonayo mtu na shahada anayoitaka. Aliye na cheti cha kidato cha nne peke yake hawezi kukitumia kama daraja, kwa kuwa upande mmoja wa daraja hilo hauna nguzo.

Hali haikuwa hivyo siku zote. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, Profesa Geoffrey Mmari akiwa Makamu Mkuu wa kwanza, kwa dhamira ya kuwafikia watu wazima na wafanyakazi ambao mfumo wa kawaida uliwaacha nje. Katika miaka ya mwanzo kozi yake ya awali ilikuwa kimbilio hata la waliokuwa na elimu ya kidato cha nne. Mwaka 2016 Serikali ilikaza masharti ya udahili nchini kote, na kozi za awali zilikuwa miongoni mwa zilizotiliwa shaka. Miongozo iliyofuata ndiyo iliyokuja na sharti la nyongeza lililotajwa hapo juu. Kwa hiyo ushauri wa kaka au shangazi aliyepita njia hiyo miaka ya 2000, hata ukitolewa kwa nia njema, unaweza kumpoteza kijana wa leo.

Nani ananufaika kweli?

Ukiyachambua masharti hayo, utabaini kuwa wapo watu wa aina mbili ambao Cheti cha Awali kinawafaa hasa.

Wa kwanza ni mhitimu wa kidato cha sita ambaye hakufikisha kiwango. Ili kuingia chuo kikuu moja kwa moja, kwa ujumla anahitaji ufaulu kamili wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4.0. Aliyepata E moja, yenye pointi 1, na S moja, yenye pointi 0.5, ana 1.5 tu. Huyu ana njia tatu mbele yake: kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kusoma stashahada, au kusoma Cheti cha Awali. Njia ya mwisho huchukua mwaka mmoja, na yafaa kwake iwapo ana uhakika wa kujisomea kwa nidhamu.

Wa pili ni mwenye stashahada ya daraja la chini. Hapa pana jambo ambalo halijadiliwi vya kutosha. Katika mfumo wa tuzo za kiufundi, stashahada ya ngazi ya sita yenye GPA ya kuanzia 2.7 hadi 3.4 huitwa daraja la pili la chini. Lakini kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa mwenye stashahada hiyo ni GPA ya 3.0. Hivyo wahitimu wawili wenye daraja lenye jina moja wanaweza kutoka chuo kimoja siku moja, mmoja akiwa na 3.0 na mwenzake 2.9, wa kwanza akaenda chuo kikuu, wa pili akaambiwa hana sifa. Kwa huyo wa pili, na kwa kila aliye kati ya 2.0 na 2.9, Cheti cha Awali ndicho kinachoziba pengo.

Aliyefika ngazi ya tano ya ufundi anapaswa kupiga hesabu kabla ya kujiandikisha. Akisoma Cheti cha Awali atatumia mwaka mmoja. Akiendelea na ngazi ya sita pia, kwa kawaida, atatumia mwaka mmoja. Tofauti ni kwamba akimaliza ngazi ya sita atakuwa na stashahada inayoweza kumpatia ajira hata kama chuo kikuu kitachelewa, na akifikisha 3.0 anaingia shahada bila kupita kwingine. Cheti cha Awali hakimpi mtu taaluma. Kazi yake ni kumwandaa kwa masomo. Kwa kijana ambaye familia yake inamsubiri alete chochote nyumbani, tofauti hiyo si ndogo.

Kidato cha nne hakisahauliki

Jambo jingine linalowashangaza wengi ni kuwa matokeo ya kidato cha nne humfuata mtu hadi mlangoni mwa chuo kikuu. Mwenye stashahada anatakiwa, pamoja na GPA yake, awe na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne kwa alama ya D au zaidi.

Katika fani za afya sharti hilo ni kali zaidi. Wilayani Mbulu jambo hili lina maana ya pekee, kwa sababu Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955, imekuwa kitovu cha huduma na mafunzo ya afya kwa eneo zima. Ofisa tabibu mwenye stashahada anayetamani kusomea udaktari wa binadamu anahitaji wastani wa B au GPA ya 3.0, na zaidi ya hapo awe na angalau D katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza katika kidato cha nne. Aliyepata F ya Fizikia akiwa na umri wa miaka 17, katika shule isiyokuwa na mwalimu wa somo hilo wala maabara, atalikuta kovu hilo linamsubiri akiwa na miaka 30, hata kama amehudumia wagonjwa kwa muongo mzima. Cheti cha Awali hakilifuti. Dawa yake ni kurudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea, na heri aanze mapema.

Umbali, mtandao na fedha

Masomo ya masafa yanasifiwa kwa kumfuata mwanafunzi aliko. Kwa Mbulu na Hanang sifa hiyo ni ya kweli kwa kiasi. Kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria kipo Babati. Kwa mkazi wa Katesh, barabara ya lami ya Singida hadi Babati imeifanya safari kuwa nyepesi. Kwa mkazi wa Yaeda Chini, au wa vijiji vya Hanang vilivyo mbali na barabara kuu, safari hiyo hiyo ni nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea. Masomo yenyewe yamehamia kwa kiasi kikubwa kwenye mtandao, na simu yenye chaji na vifurushi imegeuka kuwa daftari jipya.

Kisha kuna ada. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukopesha wanafunzi wa shahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Mwaka wa Cheti cha Awali haumo katika orodha hiyo, na ni lazima familia iubebe yenyewe. Aidha, miongozo ya karibuni ya mikopo imekuwa ikimtaka mwombaji wa shahada awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Aliyezunguka muda mrefu kabla ya kuipata njia anaweza kufika chuoni akiwa na sifa za kudahiliwa lakini hana sifa za kukopeshwa.

Isisahaulike pia kuwa Hanang bado inauguza majeraha ya Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoikumba Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80. Familia zilizopoteza nyumba, maduka na mifugo zilipoteza pia akiba ya ada. Kwa familia ya namna hiyo, mwaka mmoja uliotumika vibaya kwa kukosa taarifa ni anasa isiyowezekana.

Wengine wanafanyaje?

Wazo la kumfungulia mlango mtu aliyechelewa si geni nchini. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, na uzoefu ukahesabiwa kuwa sehemu ya sifa. Leo TCU inao utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao mwombaji hupimwa kwa mtihani maalumu. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kina mtihani wa kuingia kwa watu wazima wenye miaka 25 na kuendelea, na cheti cha mwaka mmoja cha maandalizi ya elimu ya juu kinatambuliwa kama njia ya shahada. Nchini Kenya, baadhi ya vyuo humpunguzia mwenye stashahada ya fani hiyo hiyo masomo aliyokwisha kuyasoma, akaanzia mwaka wa pili. Hapa nchini mwenye stashahada kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza, hata kama nusu ya yanayofundishwa anayajua.

Hanang yenyewe ina mfano wa kuzingatia. Frederick Sumaye, aliyekuwa mbunge wake na Waziri Mkuu kuanzia mwaka 1995 hadi 2005, alisomea stashahada ya uhandisi wa kilimo katika Chuo cha Egerton, Kenya. Baada ya kuondoka madarakani alikwenda Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, akasoma shahada ya uzamili. Si kila mwenye stashahada atakuwa Waziri Mkuu, lakini mfano huo unaonyesha kuwa stashahada haipaswi kuwa ukuta.

Nini kifanyike?

Hoja ya kulinda ubora wa shahada ina uzito wake. Taifa lisilochuja wanafunzi wake huzalisha wahitimu wasioaminika, na wa kwanza kuumia ni watoto wa wanyonge, ambao hawana kingine cha kuwabeba ila vyeti vyao. Lakini kuchuja ni jambo moja, na kuficha tundu la chujio ni jambo jingine.

Hatua ya kwanza haihitaji bajeti kubwa. Halmashauri za Mbulu na Hanang zina maofisa elimu hadi ngazi ya kata, na Chuo Kikuu Huria kina kituo Babati. Pande hizo zikishirikiana kubandika masharti ya mwaka husika, kwa Kiswahili chepesi, kwenye shule za sekondari na ofisi za vijiji, makosa mengi yatazuiwa. Mwenye stashahada akumbushwe pia kuwa hawezi kukamilisha maombi bila namba ya uthibitisho wa tuzo kutoka Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na kwamba aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja asipothibitisha kimoja kwa wakati anaweza kupoteza nafasi.

Hatua ya pili ni ya watunga sera. Iwapo daraja la pili la chini linaanzia 2.7, yafaa wananchi waelezwe kwa nini mlango wa shahada unaanzia 3.0, au viwango hivyo viwiani. Na iwapo Serikali inakitambua Cheti cha Awali kama njia halali, ni vigumu kueleza kwa nini mwaka huo mmoja usiwe na mkopo hata wa kiasi, kwa wale wenye sifa zote nyingine.

Hatua ya tatu ni ya mwombaji mwenyewe. Kabla ya kulipa senti ya kwanza, ajiulize maswali matatu: nina nini mkononi zaidi ya kidato cha nne? Shahada ninayoitaka inadai masomo gani ya kidato cha nne? Na je, mwaka huu mmoja ungenipa zaidi nikiutumia kumalizia stashahada? Majibu yote yamo katika mwongozo wa TCU wa mwaka husika. Anayeuliza njia hapotei, lakini ni sharti amuulize anayeijua ilivyo leo.