Roki ya Zambia imefufuka, wenyewe wako wapi?

WANAOUKUMBUKA muziki wa miaka ya sabini na themanini watakubaliana nami kwamba albamu nyingi za roki tulizijua nusu nusu. Redio ilicheza wimbo mmoja au miwili, na kanda tulizonunua vibandani zilibeba hizo hizo. Leo albamu nzima imo kwenye simu, nasi tulio na mvi tunashangaa kugundua kwamba wimbo mtamu kuliko yote ulijificha upande wa pili wa santuri muda huo wote.

Mshangao huo umegeuka biashara. Kampuni za ng'ambo huzisaka rekodi kuukuu, huzisafisha na kuzitoa upya. Faida na majonzi ya biashara hiyo huonekana bayana nchini Zambia.

Katika miaka ya sabini, vijana wa huko, wengi wao kutoka miji ya migodi ya shaba, walibuni roki yao iliyokuja kuitwa Zamrock. Walitwaa mngurumo wa gita la Jimi Hendrix, wakauchanganya na midundo ya kwao, wakaimba kwa Kiingereza, Kibemba na Kinyanja. Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe hakuwa mgeni wa gita, aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia. Agizo kama hilo hapa kwetu leo lingeishia mahakamani, lakini liliwapa vijana hao wasikilizaji. Kundi la WITCH lilitoa Lazy Bones!! mwaka wa 1975, likiongozwa na Emmanuel Chanda, aliyebandikwa jina 'Jagari' kwa kufananishwa na Mick Jagger. Nairobi nayo ina sehemu yake katika hadithi hii, kwani kundi la Musi-O-Tunya, lake Rikki Ililonga, liliwahi kupiga kambi hapa.

Nyimbo hizo hazikusahaulika kwa ubovu. Bei ya shaba iliporomoka katikati ya muongo huo, na nchi ikakaukiwa na fedha. Wezi wa kanda wakafyonza mauzo, disko ikateka kumbi, kisha UKIMWI ukaingia. Wenzake Chanda wa kundi la awali walifariki mmoja baada ya mwingine. Yeye akafundisha muziki, kisha akaenda kuchimba vito.

Mwaka wa 2012, kampuni ya Now-Again ya Marekani ilikusanya albamu za WITCH na kuzitoa upya. Chanda alirejea jukwaani akiwa mzee, na mwaka wa 2023 kundi likatoa Zango, albamu yake ya kwanza baada ya takriban miongo minne. Mwaka uliofuata, rapa Tyler, the Creator wa Marekani alitumia kipande cha wimbo wa Ngozi Family katika wimbo wake Noid. Dunia ikauliza huyo Paul Ngozi ni nani. Alikuwa amefariki tangu 1989.

Chanda alibahatika kuwa hai. Aliyekufa huwakilishwa na karatasi, na wengi wa rika lile hawakuwa na karatasi. Walirekodi, wakalipwa siku hiyo, wakaenda zao.

Hali hiyo si ya Zambia pekee. Mwaka wa 2013, kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa Kenya Special, mkusanyo wa nyimbo zetu za miaka ya sabini na themanini ambazo vijana wengi wa hapa hawajawahi kuzisikia. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 hulinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Rekodi za 1974 zimekwisha kutoka kwenye ulinzi huo, na kila Desemba nyingine zinafuata. Haki ya mtunzi huendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chake, lakini ni sharti warithi waweze kuthibitisha kwamba wimbo ulikuwa wake. Ushahidi huo, pale ulipo, umo ndani ya masanduku ya wajane.